Majumba Makubwa ya Ayalandi: Waliokaa Ndani na Waliolipa Kodi

Katika mji mdogo wa Strokestown, wilaya ya Roscommon, nchini Ayalandi, iko barabara moja pana ambayo haikulingana kamwe na udogo wa mji wenyewe. Mgeni akiifuata barabara hiyo mpaka mwisho wake hukuta lango refu la mawe lenye matao, na nyuma ya lango hilo limesimama jumba la fahari. Sehemu ya katikati ndiyo waliyokaa wenye nyumba. Upande mmoja lipo bawa la jikoni, na upande wa pili bawa la mabanda ya farasi, ambayo dari yake imejengwa kwa matao ya mawe kama dari ya kanisa. Kwa muda wa zaidi ya miaka 300 nyumba hii ilikuwa mali ya ukoo mmoja, ukoo wa Mahon.

Hapo zamani jumba la namna hii halikuwa kitu cha ajabu katika Ayalandi. Karibu kila mahali penye ardhi nzuri palikuwa na moja, na watu wa vijijini waliliita kwa jina fupi tu: nyumba kubwa. Leo mengi yamebomoka, na yaliyosalia hutembelewa na wageni wanaokuja kutazama picha, vioo na bustani. Walakini jumba halikujengwa kwa mawe na chokaa peke yake. Lilijengwa kwa kodi iliyotoka katika vishamba vya wapangaji, na kodi hiyo ndiyo iliyolipa paa, farasi, divai na karo za watoto wa bwana. Kwa hiyo habari za jumba na habari za mpangaji ni habari moja, na atakaye kujua kwa nini majumba hayo yalisimama, na kwa nini yalianguka, hana budi kuuliza ardhi ilikuwa ya nani na ilipangishwa kwa masharti gani.

JINSI ARDHI ILIVYOBADILI MIKONO

Mpaka karne ya 16 sehemu kubwa ya Ayalandi ilikuwa mikononi mwa koo za wenyeji na za watu wa asili ya Kinorman waliokaa huko tangu zamani. Wafalme wa Uingereza walipotaka kuitawala nchi nzima, walitumia njia ya kunyang'anya ardhi za walioasi na kuwapa walowezi. Kuanzia mwaka wa 1609 sehemu kubwa ya Ulster, upande wa kaskazini, iligawiwa wageni kutoka Uskoti na Uingereza. Mwaka wa 1641 wenyeji waliasi. Oliver Cromwell akashuka na jeshi lake mwaka wa 1649, na vita vilipokwisha, askari wengi na watu waliokopesha fedha za vita walilipwa kwa ardhi badala ya fedha taslimu. Ndipo, katika nusu ya pili ya karne ya 17, Nicholas Mahon alipopata ardhi ya Strokestown, ambayo zamani ilikuwa ya ukoo wa O'Conor Roe.

Baada ya vita vingine vilivyomalizika mwaka wa 1691, sheria kali zilitungwa juu ya Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi katika nchi. Mkatoliki alikatazwa kununua ardhi, wala hakuweza kupangisha shamba kwa muda unaozidi miaka 31. Akifa mwenye ardhi aliye Mkatoliki, shamba lake lilipaswa kugawanywa kwa wanawe wote, ila kama mwana wa kwanza amegeuka na kuwa Mprotestanti. Huyo angerithi lote. Hivyo mashamba ya Wakatoliki yalizidi kuwa madogo kila kizazi. Mwaka wa 1703 walikuwa wamebakiwa na kama sehemu 14 tu katika kila 100 za ardhi ya nchi.

Hivyo ndivyo ulivyotokea utaratibu uliodumu kwa miaka 200. Juu alikuwapo mwenye ardhi, aghalabu Mprotestanti, mwenye asili ya Kiingereza au ya Kiskoti. Chini walikuwapo wapangaji, aghalabu Wakatoliki, ambao wengi wao walizungumza lugha yao ya Kiairishi. Baadhi ya wapangaji hao walikuwa wajukuu wa watu waliomiliki ardhi ileile waliyokuwa wakiilipia kodi, na jambo hilo halikusahauliwa katika masimulizi ya jioni.

FAHARI NA HANDAKI

Karne ya 18 ilikuwa na amani, na kodi zilipanda. Wenye ardhi wakashindana kujenga. William Conolly, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni kutoka wilaya ya Donegal, alitajirika sana kwa kununua na kuuza ardhi zilizonyang'anywa, akawa Spika wa Bunge la Ayalandi. Mwaka wa 1722 alianza kujenga Castletown, katika wilaya ya Kildare, jumba ambalo wengine waliliiga kwa muda mrefu. Jambo hili linaonyesha kwamba si kila bwana alizaliwa katika ubwana. Wengine waliufikia kwa akili ya biashara katika wakati ambapo ardhi ilikuwa bidhaa.

Strokestown nayo ilijengwa upya kwa fahari katika karne hiyo na Thomas Mahon. Katika jumba lake mambo mawili huwashangaza wageni hata sasa. La kwanza ni handaki lililochimbwa chini ya ardhi ili watumishi wapate kupita kutoka jikoni mpaka mabandani bila kuonekana na wenye nyumba na wageni wao. La pili ni roshani iliyojengwa ndani ya jiko, juu ya vichwa vya wapishi. Husimuliwa kwamba bibi mwenye nyumba alisimama hapo na kuidondosha chini karatasi ya vyakula vya juma zima, asishuke jikoni hata mara moja. Watu waliishi chini ya paa moja, lakini nyumba yenyewe ilichorwa ili wasikutane.

Haitakuwa haki kusema kwamba wenye ardhi wote walikuwa wabaya. Wako waliojenga shule, waliochimba mifereji ya kukausha mashamba, na waliowajua wapangaji wao kwa majina. Wengine waliishi London au Dublin, wakaacha kila kitu kwa msimamizi, wao wakingoja fedha tu. Maria Edgeworth, ambaye baba yake alikuwa na shamba kubwa katika wilaya ya Longford, alitoa kitabu mwaka wa 1800 kiitwacho Castle Rackrent, kinachosimulia jinsi vizazi vya mabwana wa nyumba moja walivyoiharibu mali yao kwa ulevi, kesi na madeni. Wengi walioishi katika majumba walikuwa na madeni makubwa kuliko walivyodhaniwa na wapangaji wao.

MPANGAJI NA SIKU YA KODI

Chini ya mwenye ardhi mara nyingi alikuwapo mtu wa katikati. Huyu alichukua eneo kubwa kwa mkataba mrefu na kodi ndogo, akaligawanya na kulipangisha kwa kodi kubwa. Aliyepangisha kwake naye aligawanya tena, na baba alipozeeka aliwagawia wanawe. Mwishowe palikuwa na watu wengi sana walioishi juu ya ekari mbili au tatu, na wengine walikuwa na kijisehemu cha ekari moja tu ambacho walikilipia kwa kumfanyia kazi mkulima mwenye shamba kubwa zaidi.

Kodi ililipwa mara mbili kwa mwaka. Siku ya kodi mpangaji alikwenda kwa msimamizi na fedha alizopata kwa kuuza nguruwe, siagi, shayiri au kitambaa. Wengi walikuwa wapangaji wasio na mkataba wa miaka, waliokaa kwa hiari ya mwenye ardhi na waliweza kupewa notisi ya kuondoka. Mtu wa namna hiyo akikausha bwawa, akijenga ukuta au akitia mbolea shamba likanenepa, hakuwa na hakika kwamba faida itakuwa yake. Huenda kodi ikapandishwa, kwa kuwa shamba sasa ni zuri. Akiondolewa, ukuta na mbolea vilibaki. Ulster palikuwa na desturi iliyomruhusu mpangaji anayeondoka kuuza haki yake kwa anayeingia, na watu wengi waliona kwamba ndiyo sababu mojawapo ya wakulima wa huko kuyatunza mashamba yao vizuri zaidi. Kwingineko desturi hiyo haikuwa na nguvu.

Walichokila maskini kilikuwa kitu kimoja: viazi vya kizungu. Ekari moja ya viazi iliweza kulisha familia nzima kwa sehemu kubwa ya mwaka, hata katika udongo mbaya. Nafaka na mifugo vilikuwa vya kulipia kodi. Mwaka wa 1841 hesabu ya watu ilionyesha kwamba Ayalandi ina watu zaidi ya milioni 8, na kama watu milioni 3 kati yao walitegemea viazi karibu peke yake.

MIAKA YA NJAA

Katika Septemba 1845 ulionekana ugonjwa mpya katika mashamba. Majani yalipata madoa meusi, na viazi vikaoza udongoni kwa siku chache. Ni ugonjwa uleule ambao wakulima wa viazi katika nyanda za juu za Kenya wanaujua vizuri, unaopenda hali ya baridi na unyevu. Siku hizo hapakuwa na dawa, wala hapakuwa na mtu aliyejua kwa yakini kwamba unaletwa na kiumbe kidogo kinachofanana na kuvu. Mwaka wa 1845 sehemu ya mavuno ilipotea. Mwaka wa 1846 karibu yote yalipotea.

Mwezi wa Agosti 1846 wapangaji wa Cloonahee, katika milki ya Strokestown, walipeleka barua ya maombi. Walieleza kwamba viazi vimeoza, hawana nafaka, na hawawezi kuvumilia tena vilio vya watoto wao. Walichoomba ni kazi, wapate kununua chakula. Barua hiyo iliwekwa pamoja na karatasi nyingine za ofisi ya shamba, ikakaa humo.

Mwenye milki wakati huo alikuwa Meja Denis Mahon, aliyeirithi mwaka wa 1845. Hakurithi mali iliyo katika hali njema. Bwana aliyemtangulia alikuwa na ugonjwa wa akili, na kwa miaka mingi shamba halikuwa na mtu wa kulisimamia barabara. Ardhi ilikuwa imegawanywa mno, kodi nyingi hazikulipwa, na madeni yalikuwa makubwa. Tena palikuwa na mzigo mwingine. Kwa sheria ya nchi, maskini walitunzwa katika nyumba za maskini kwa ushuru uliotozwa juu ya ardhi ya palepale. Shamba likiwa na thamani isiyozidi pauni 4 kwa mwaka, aliyelipa ushuru huo hakuwa mpangaji bali mwenye ardhi. Kwa hiyo mwenye ardhi mwenye wapangaji wengi maskini alikosa kodi, na juu yake akatozwa ushuru wa kuwalisha. Sheria ilimwonyesha njia ya kupunguza hasara: kuwaondoa.

Mwaka wa 1847 Bunge mjini London liliongeza sharti jingine, lililopendekezwa na William Gregory, mwana wa jumba la Coole Park katika wilaya ya Galway. Mtu yeyote mwenye zaidi ya robo ekari ya ardhi hangepata msaada wa chakula mpaka aiache ardhi hiyo. Basi mkulima alipaswa kuchagua kati ya shamba na uji. Wengi waliacha shamba, na nyumba zao zikabomolewa mara walipotoka.

SAFARI YA WATU 1,490

Msimamizi wa Strokestown, John Ross Mahon, alipiga hesabu akaona kwamba kumsafirisha maskini mpaka Kanada ni rahisi kuliko kumtunza katika nyumba ya maskini. Meja Mahon alikubali. Mwishoni mwa Mei 1847 watu kama 1,490 waliokubali kwenda, na ambao hawakuwa na jambo jingine la kuchagua, walianza kutembea kwa miguu kufuata mfereji mpaka Dublin. Kutoka Dublin walivushwa mpaka Liverpool, na huko wakapakiwa katika meli.

Mojawapo ya meli hizo iliitwa Virginius. Ilikuwa na abiria 476. Homa kali, iliyoenezwa na chawa, iliingia pamoja nao, na chini ya sitaha watu walilala wamesongamana. Safari ilichukua zaidi ya miezi miwili. Meli ilipofika Grosse Île, kisiwa cha karantini katika mto wa St. Lawrence, watu 158 walikuwa wamekwisha kufa na kutoswa baharini, na wengine 106 walikuwa wagonjwa. Nahodha naye alikuwa miongoni mwa waliofariki. Daktari wa karantini alieleza katika taarifa yake kwamba hata wale waliohesabiwa kuwa wazima walikuwa dhaifu mno.

Habari zilirudi Roscommon. Wakati huohuo watu waliokataa kusafiri waliendelea kufukuzwa. Jioni ya tarehe 2 Novemba 1847 Meja Mahon alikuwa akirudi nyumbani katika gari lake la farasi, baada ya mkutano mjini Roscommon juu ya nyumba ya maskini. Akapigwa risasi njiani, akafa papo hapo. Inasemekana kwamba usiku ule mioto iliwashwa juu ya vilima kwa furaha.

Mauaji hayo yalitikisa Uingereza nzima. Katika Bunge padri wa parokia alishutumiwa kwamba maneno yake kanisani ndiyo yaliyochochea, mwenyewe alikana. Watu walikamatwa, na baadhi yao wakanyongwa. Askofu wa jimbo, George Browne, akajibu kwa njia yake: mwaka wa 1848 alichapisha gazetini orodha ya watu waliofukuzwa katika milki ya Mahon. Jumla yao ilikuwa 3,006. Hivyo dunia ikapata kusoma mambo yote mawili, kifo cha bwana mmoja na orodha ya wapangaji wake.

Ilipofika mwaka wa 1851 hesabu ya watu wa Ayalandi ilikuwa imeshuka mpaka kama milioni 6 na nusu. Kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja walihama. Wenye ardhi nao hawakusalimika. Wengi walifilisika, na kuanzia mwaka wa 1849 mahakama maalumu iliwekwa kwa ajili ya kuuza mashamba yao yaliyozama katika madeni.

BWANA ALIYEWEKA DAU LA FARASI

Wako waliofanya vingine. Katika wilaya ya Mayo, juu ya ziwa la Carra, lilikuwapo jumba la Moore Hall, lililojengwa mwaka wa 1792 na miaka iliyofuata na George Moore, mtu aliyetajirika kwa biashara ya divai katika mji wa Alicante, Hispania. Ukoo huu ulikuwa wa Kikatoliki. Mjukuu wake, George Henry Moore, alipenda sana mbio za farasi. Mwaka wa 1846 farasi wake aitwaye Coranna alishinda kombe la Chester nchini Uingereza, na Moore akapata maelfu ya pauni kwa dau aliloweka. Fedha nyingi katika hizo alizitumia kuwasaidia wapangaji wake. Katika Mayo bado husimuliwa kwamba hakuna aliyefukuzwa wala aliyekufa kwa njaa katika ardhi ya Moore.

Habari hiyo ni njema, lakini mkulima mwenye busara hawezi kukosa kuona udhaifu wake. Uhai wa familia nyingi ulitegemea tabia ya mtu mmoja na mbio za farasi mmoja. Jirani wa ng'ambo ya ukuta, ambaye bwana wake hakuwa na moyo wala farasi, hakuwa na haki yoyote ya kudai.

CHAMA CHA ARDHI

Mwaka wa 1850 familia moja ilifukuzwa katika kijiji cha Straide, wilaya hiyohiyo ya Mayo. Walikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne, jina lake Michael Davitt. Wakahamia Lancashire, Uingereza, na mtoto alipofikia umri wa miaka 11 mkono wake wa kulia ulikatwa na mashine ya kiwanda cha pamba. Mtu huyo wa mkono mmoja ndiye aliyerudi na kuanzisha, mwezi wa Oktoba 1879, Chama cha Ardhi, na mkuu wa chama akawa Charles Stewart Parnell, ambaye mwenyewe alikuwa Mprotestanti na mwenye ardhi katika wilaya ya Wicklow.

Silaha yao kubwa ilikuwa umoja. Mwaka wa 1880 Parnell aliwashauri watu wasimpige wala wasimwue anayechukua shamba la mtu aliyefukuzwa, bali wamtenge, wasimsalimu njiani, wasiuziane naye kitu. Aliyeonja kwanza adhabu hiyo kwa ukali alikuwa Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa ardhi ya Lord Erne karibu na ziwa la Mask. Watumishi wake walimwacha, mfua nguo alikataa nguo zake, wauza duka walimnyima bidhaa, na mavuno yakabaki shambani. Watu kama 50 waliletwa kutoka Ulster wamvunie, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Ilikadiriwa kwamba gharama ya kuvuna ilifika pauni 10,000, na mazao yenyewe hayakuzidi thamani ya pauni mia chache. Boycott aliondoka nchini kabla ya mwaka kwisha, na jina lake likaingia katika Kiingereza na lugha nyingine kuwa neno la kile ambacho Waswahili hukiita kususia.

Mwaka wa 1881 serikali ya Gladstone ilipitisha sheria iliyowapa wapangaji mambo matatu: kodi ya haki iliyopangwa na mahakama, usalama wa kutofukuzwa maadamu kodi imelipwa, na ruhusa ya kuuza haki yao wanapoondoka. Aghalabu mahakama zilipunguza kodi kwa kama sehemu moja ya tano. Tangu siku hiyo mwenye ardhi hakuwa tena bwana kamili wa ardhi yake.

MPANGAJI ANUNUA SHAMBA

Hatua kubwa kuliko zote ilifanywa mezani. Mwezi wa Desemba 1902 wajumbe wa wenye ardhi na wajumbe wa wapangaji walikutana Dublin wakaafikiana. Kwa maafikiano hayo ilitungwa sheria ya mwaka wa 1903, iliyoletwa Bungeni na George Wyndham. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kufahamu. Serikali ilimkopesha mpangaji bei yote ya shamba. Kwa kila pauni 100 alizokopa alilipa pauni 3 na shilingi 5 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 68 na nusu, na malipo hayo kwa kawaida yalikuwa madogo kuliko kodi aliyoizoea. Mwenye ardhi alipewa bei yake, na juu yake serikali iliongeza zawadi ya pauni 12 katika kila 100 ili akubali kuuza shamba zima.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka wa 1870 wakulima waliomiliki mashamba yao walikuwa kama 3 katika kila 100. Kufikia mwaka wa 1929 walikuwa kama 97 katika kila 100. Kazi ya kununua na kugawa iliendeshwa na Tume ya Ardhi, iliyoanzishwa mwaka wa 1881 na kufungwa mwaka wa 1999. Si kwamba matatizo yote yalikwisha. Mashamba mengi yalikuwa madogo mno kulisha familia, na vijana wakaendelea kuhama. Vibarua wasio na ardhi walipata kidogo. Tena mwaka wa 1932 serikali ya Eamon de Valera ilikataa kuendelea kupeleka London fedha za mikopo hiyo, pakatokea ugomvi wa ushuru ulioumiza wafuga ng'ombe mpaka ukamalizwa mwaka wa 1938 kwa malipo ya pauni milioni 10. Lakini mkulima alipoinua ukuta, alijua kwamba ukuta ni wake.

MAJUMBA YALIPOKOSA KODI

Jumba lililojengwa kwa kodi halikuweza kudumu bila kodi. Mwenye nyumba aliyeuza mashamba alibaki na vyumba vingi, paa kubwa na fedha zilizowekwa katika hisa zilizopungua thamani. Kisha vikaja vita. Kati ya mwaka wa 1920 na 1923, kwanza katika vita vya kudai uhuru na halafu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, majumba zaidi ya 250 yalichomwa moto. Mengine yalichomwa kwa kisasi, mengine yasipate kuwa kambi za askari, na mengine na watu waliotamani ardhi iliyobaki kuyazunguka.

Moore Hall lilichomwa tarehe 1 Februari 1923. Wema wa mwaka wa 1846 haukuliokoa. Maurice Moore, mwana wa yule mwenye farasi, alikuwa mjumbe wa Baraza la Seneti la serikali mpya, na wapinzani wa serikali hiyo wakachoma nyumba ya ukoo wake. Kuta zake zimesimama mpaka leo bila paa, katikati ya msitu.

Mengi zaidi hayakuhitaji moto. Wenyewe waliondoa mapaa ili wasitozwe ushuru, wakauza risasi ya paa, mbao na mawe. Coole Park, jumba la yule William Gregory wa sharti la robo ekari, liliendelea kuwa na sifa kwa ajili ya mjane wake, Lady Gregory, aliyesaidia kuanzisha ukumbi wa michezo wa Abbey mjini Dublin na aliyekaribisha waandishi wengi nyumbani kwake. Serikali iliinunua milki hiyo mwaka wa 1927. Bibi huyo alifariki mwaka wa 1932, na mwaka wa 1941 jumba lilibomolewa. Leo watu huenda kutazama bustani na mti mmoja wenye herufi za majina ya waandishi hao.

YALIYOKUTWA KATIKA KARATASI

Strokestown haikuchomwa wala kubomolewa. Mwaka wa 1979 mama mzee wa ukoo, Olive Pakenham Mahon, aliiuza. Aliyenunua ni kampuni ya magari ya mjini palepale, na mkuu wake, Jim Callery, alikuwa mzaliwa wa sehemu hizo. Alichotaka ni nafasi ya kupanua biashara yake. Lakini katika nyumba alikuta karatasi za ofisi ya shamba, maelfu kwa maelfu: hesabu za kodi, barua za msimamizi, na ile barua ya maombi ya wapangaji wa Cloonahee. Alipoisoma aliona kwamba nyumba hiyo haifai kuachwa ife. Ikatunzwa pamoja na samani zake, na mwaka wa 1994 Rais Mary Robinson alifungua hapo makumbusho ya taifa ya njaa kuu.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Strokestown mali ilipotea kwa pande zote mbili, lakini daftari lilibaki. Kama ofisi ya Mahon isingeweka karatasi zake kwa uangalifu, vilio vya Cloonahee visingesikika leo. Mgeni anayeingia huonyeshwa chumba cha kulia chenye fedha na vioo, kisha husomewa majina ya waliofukuzwa.

Miongoni mwa majina ya abiria wa Virginius lilikuwamo la mvulana wa miaka 12, Daniel Tighe, aliyesafiri na mama yake mjane, mjomba wake, ndugu zake na dada zake. Waliofika wakiwa hai walikuwa yeye na dada yake Catherine tu. Huko Quebec walichukuliwa na mkulima wa Kifaransa na mkewe ambao hawakuwa na watoto, na Daniel alipokua wakamwachia shamba lao. Mwaka wa 2013 mmoja wa wazao wake alisafiri kutoka Kanada mpaka Strokestown, akapita katika lango la mawe, akapokewa kama mgeni wa heshima katika nyumba ambayo ilikuwa imemtoa babu yake. Shamba la Quebec bado liko mikononi mwa ukoo wake.